Kuuza Kitabu Kilichotolewa Bure

Kila mjadala huu unapozuka huwa naona watu waungwana wakigombana kwa sababu wanajibu maswali mawili tofauti. Mmoja anauliza kama sheria inamruhusu mtu kuchukua kitabu kisicho na hakimiliki tena, ambacho watu wa kujitolea wamekiandaa na kukiweka kwenye intaneti bila malipo, kisha akakiuza. Mwingine anauliza kama mtu mwenye haya angelifanya jambo hilo. Swali la kwanza lina jibu fupi: katika nchi ambamo hakimiliki ya kitabu hicho imekwisha, sheria inaruhusu. Makala hii basi inahusu swali la pili, na msimamo wangu nautaja mapema. Sioni ubaya katika kuuza kwenyewe, hata kwa faida, hata kama muuzaji hakuongeza neno lolote. Ninaona ubaya katika kumficha mnunuzi asijue kwamba anachouziwa kinapatikana bure, na ubaya mkubwa zaidi katika kujitangaza mwenye mali ya kitu ambacho ni cha wote.

Nianze na wauzaji, kwa sababu wanasahauliwa mchango wao. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 1710 ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14, na mingine 14 endapo angekuwa bado hai mwishoni mwa ile ya kwanza. Wauzaji wakubwa wa vitabu wa London, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakiuziana na kurithishana haki za vitabu, hawakukubali kwamba muda huo ukiisha mambo yamekwisha. Walidai kuwa nyuma ya sheria hiyo ilikuwapo haki nyingine ya kale, isiyo na kikomo, ambayo Bunge halikuigusa. Mtu aliyewakabili hadi mwisho alikuwa Alexander Donaldson, muuzaji wa vitabu wa Edinburgh, aliyefungua duka huko huko London na kuuza matoleo ya bei nafuu ya vitabu vilivyokwisha kupitwa na muda wa ulinzi. Kesi iliyomaliza ubishi ilihusu mashairi ya James Thomson, aliyefariki mwaka 1748, na mwaka 1774 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa nchini humo, likaamua kwamba haki ya milele haipo.

Donaldson hakuwa mfadhili wa maskini wala hakujidai kuwa hivyo. Alikuwa mfanyabiashara aliyeona faida pale ambapo wenzake walitaka kujenga ukuta. Namtaja kwa sababu baadhi yetu tumejenga mazoea ya kuifikiria mali ya umma, yaani kazi ambazo hazina hakimiliki tena, kama eneo takatifu linalonajisiwa na fedha, ilhali mpaka wake wa kwanza ulichorwa kwa ukaidi wa mtu aliyetaka kuuza. Ujerumani mambo yalifanana na hayo: mwezi Novemba 1867, haki za waandishi waliofariki kabla ya tarehe 9 Novemba 1837 zilipokoma kwa pamoja, kampuni ya Reclam ya Leipzig ilianzisha mfululizo wa vijitabu vya bei ndogo ulioanza na Faust, tamthilia ya mwandishi Goethe, na mfululizo huo bado unachapishwa. Wasomaji wasiokuwa na uwezo wa kununua matoleo ya ngozi walimpata Goethe kupitia kwa watu waliokuwa wakitafuta riziki.

Ipo hoja kwamba zama hizo haziwezi kulinganishwa na zetu. Mchapishaji wa zamani alinunua karatasi, akawalipa wapanga herufi na kubeba hatari ya vitabu kudoda ghalani, lakini muuzaji wa leo anapakua faili, anaibandika jalada na kuipandisha dukani kwa alasiri moja. Tofauti hiyo ni ya kweli, ila haithibitishi kile inachotakiwa kuthibitisha. Kazi ndogo ni sababu ya kudai bei ndogo. Haigeuki kuwa dhuluma kwa sababu tu ni ndogo. Ukishikilia kwamba faida lazima ihalalishwe kwa jasho, itakubidi uamue ni jasho kiasi gani, na sijaona mtu aliyefanikiwa kuuweka mpaka huo mahali panapomzuia mvivu bila kumzuia pia mtu mwenye bidii ambaye kazi yake haionekani kwa macho. Aliyepanga upya kitabu kwa herufi kubwa ili msomaji mwenye macho hafifu aweze kukisoma hajabadilisha neno hata moja la mwandishi, na bado amefanya jambo la thamani.

Anayestahili kusikilizwa kwa makini zaidi ni yule aliyeiandaa faili yenyewe. Tarehe 4 Julai 1971, Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois aliyekuwa amepewa muda wa kutumia kompyuta kuu ya chuo, aliingiza humo maandishi ya Tangazo la Uhuru wa Marekani na kuyafanya yapatikane kwa wengine. Kutokana na kitendo hicho ulizaliwa mradi wa Project Gutenberg, ambao leo una vitabu zaidi ya 70,000. Tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya vitabu hivyo imetoka kwa Distributed Proofreaders, utaratibu ulioanzishwa na Charles Franks, ambapo kitabu hugawanywa ukurasa mmoja mmoja, kila msahihishaji akiwekewa picha ya ukurasa pamoja na maandishi yaliyosomwa na mashine, na ukurasa huohuo ukapitiwa na watu kadhaa kwa zamu. Ni kazi ya uvumilivu. Katika vitabu vya Kiingereza vya karne ya 18, kwa mfano, herufi s ilichapwa kwa umbo refu ambalo mashine hulidhania kuwa f, kwa hiyo mtu anaweza kumaliza jioni nzima akirudisha s mahali pake, mstari baada ya mstari, bila kupata nafasi ya kufurahia hadithi.

Mtu wa namna hiyo anapokikuta kitabu alichokisahihisha kikiuzwa na mtu ambaye pengine hajakisoma, hasira yake naielewa kabisa. Hata hivyo, nikijaribu kutaja kitu alichonyang'anywa, sikipati. Faili yake ipo palepale, bado inapatikana bure, na kila aliyekuwa akiipata jana anaipata leo. Kisheria pia hana pa kushika. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1991, katika kesi iliyohusu orodha ya namba za simu, kwamba bidii peke yake haizai hakimiliki, kwamba lazima pawe na ubunifu. Na ubunifu ndicho kitu ambacho msahihishaji mwaminifu huapa kutokifanya, kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha kwamba ukurasa unasema kile tu alichosema mwandishi. Wasomaji wa kujitolea wa LibriVox, mradi wa vitabu vya sauti ulioanza mwaka 2005, wameliweka jambo hili wazi kuliko wengine: kila anayejiunga huambiwa mapema kwamba sauti yake itakuwa mali ya umma na kwamba yeyote anaweza kuiuza. Asiyeridhika na hilo ana nafasi ya kutojiunga. Naona huo ni uungwana, kwa sababu zawadi inayotolewa huku mtoaji akijua inaweza kwenda wapi haimwachi na kinyongo baadaye.

Kinachobaki ni suala la kutajwa. Hapa leseni ya Project Gutenberg imetengeneza hali ya ajabu ambayo sijaona ikijadiliwa vya kutosha. Jina la mradi ni alama ya biashara. Anayeuza kitabu chao huku jina hilo likiwa ndani yake anatakiwa kufuata masharti, mojawapo likiwa kuulipa mradi mrabaha wa asilimia 20 ya faida ghafi. Anayeliondoa jina hilo pamoja na maelezo yote ya leseni, na kubakisha maandishi matupu ambayo katika nchi yake hayana hakimiliki, halipi chochote wala hadaiwi chochote. Matokeo yake ni kwamba muuzaji anayetaja asili ya kitabu anaingia gharama, na anayefuta asili hiyo anatii leseni kikamilifu. Nia ya kanuni hii ni njema, kwa kuwa mradi haukutaka jina lake libandikwe kwenye nakala zilizoharibiwa kisha ulaumiwe kwa makosa ya wengine. Lakini imewazoesha wauzaji kuona kufuta asili kama hatua ya kawaida ya kuandaa kitabu, na kutoka kufuta jina la mradi hadi kufuta kila dalili kwamba maandishi ni ya bure ni hatua fupi mno.

Ni hatua hiyo ya pili ninayoilaani. Leseni inamtaka muuzaji aondoe jina; haimtaki anyamaze. Anaweza kuandika kwenye ukurasa wa mwanzo, bila kutaja jina la mtu wala mradi, kwamba maandishi haya hayana hakimiliki, yaliandaliwa na watu wa kujitolea, na yanapatikana bila malipo kwenye intaneti. Sentensi hiyo haivunji alama ya biashara ya mtu yeyote. Asipoiandika, si kwa sababu amezuiwa.

Niliwahi kununua kitabu cha safari cha karne ya 19, kilichochapishwa upya kwa karatasi nyeupe na jalada la kupendeza. Nyuma ya ukurasa wa jina paliandikwa kwamba haki zote zimehifadhiwa, kwamba hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote bila idhini ya maandishi, na mwaka wa hakimiliki ulikuwa wa juzi tu. Hapakuwa na utangulizi, wala ramani zilizotajwa na mwandishi, na tanbihi zilikuwa zimeangukia katikati ya sentensi kiasi kwamba mtu anaanza kuvuka mto na kumaliza akinukuu barua ya askofu. Baadaye nilikipata kitabu hichohicho bure, chenye ramani zote, na neno moja lililokosewa katika nakala yangu ya kulipia lilikuwa limekosewa vivyo hivyo mahali palepale. Bei yenyewe haikunikasirisha. Lilinikasirisha lile katazo la kunakili, lililowekwa na mtu ambaye alikuwa amenakili kila kitu isipokuwa ramani.

Katazo la namna hiyo ni tendo zito kuliko linavyochukuliwa. Mwalimu anayetaka kuwatolea wanafunzi wake nakala za sura moja atalisoma na kuacha. Mkutubi mwangalifu ataacha. Mtu anayetaka kutafsiri ataanza kutafuta idhini kutoka kwa mtu ambaye hana cha kumwidhinisha. Sheria ya Marekani inalitambua kosa hili, kwa kuwa inaweka faini isiyozidi dola 2,500 kwa anayeweka kwa udanganyifu tangazo la hakimiliki analojua kuwa ni la uongo. Lakini ni kosa la jinai, maana yake ni serikali inayopaswa kumshitaki mhusika, na mnunuzi aliyedanganywa hawezi kwenda mahakamani kudai faini hiyo kwa niaba ya umma. Kwa hiyo uongo huo karibu hauna gharama. Anayeiba hakimiliki ya mtu hukutana na mawakili. Anayeuibia umma haki yake ya kunakili hukutana na kimya.

Lazima niseme pia kwamba muuzaji anaweza kuwa na hakimiliki halali katika sehemu za kitabu cha zamani. Utangulizi mpya ni wake, maelezo mapya ni yake, michoro mipya ni yake. Tafsiri ina hakimiliki yake yenyewe: mwandishi anaweza kuwa amekufa kwa karne nyingi huku mfasiri wake akiwa hai na anadai haki yake, na wauzaji wengi wa vitabu vya Kigiriki na Kirusi hujikwaa hapo. Uaminifu unaotakiwa ni wa kusema ni sehemu ipi. Kuandika kwamba utangulizi na maelezo vina hakimiliki na kwamba maandishi ya asili ni ya wote hakuchukui mistari mingi.

Maduka makubwa ya mtandaoni yamejaribu kulishughulikia tatizo kwa njia yao. Amazon, katika huduma yake ya kujichapishia vitabu vya kielektroniki vya Kindle, haikubali nakala tupu ya kitabu cha umma ikiwa nakala ya bure tayari ipo dukani mwake. Inataka toleo liwe limetofautishwa kwa tafsiri, kwa maelezo ya ziada yaliyoandikwa na mchapishaji, au kwa michoro isiyopungua 10, na mrabaha anaolipwa mchapishaji kwa vitabu hivyo ni asilimia 35 ya bei badala ya 70. Naelewa shida inayotibiwa: mtu anatafuta kitabu kimoja maarufu na kuletewa makumi ya matoleo yasiyotofautika ila kwa jalada, mengine yamekosa sura nzima, na toleo lililohaririwa kwa uangalifu limefukiwa chini yake. Hata hivyo, dawa hii siipendi. Inamtaka muuzaji aongeze kitu, na anayetaka kuuza kwa haraka ataongeza kitu kibovu kwa haraka. Programu za kompyuta sasa zinaweza kutoa maelezo ya kila sura na picha kumi kabla chai haijapoa, kanuni ikawa imetimizwa, na kitabu kikawa kibaya kuliko kilivyokuwa. Binafsi ningependelea duka linalokubali maandishi matupu yaliyokamilika, mradi mnunuzi aelezwe kwamba ni matupu na ni ya bure kwingineko.

Wapo wanaopendekeza njia kali zaidi, kwamba kila anayetoa faili bure aweke sharti la kuzuia biashara. Google, kwa mfano, huweka mwanzoni mwa vitabu vya zamani ilivyoviskani ombi kwamba faili zisitumiwe kibiashara. Ombi si dhambi, na maktaba iliyogharimia mashine na wafanyakazi ina haki ya kuomba. Lakini kugeuza ombi kuwa sharti juu ya maandishi ambayo muda wa ulinzi wake umekwisha ni kufanya kosa lilelile la wauzaji wa London, yaani kudai haki pale ambapo Bunge lilisema haki imekoma. Tena sharti hilo humpata asiyekusudiwa. Mlaghai halisomi. Anayelisoma na kulitii ni mchapishaji mdogo anayetaka kutoa nakala za karatasi kwa wasomaji wasiokuwa na intaneti, ambaye hawezi kuzitoa bure kwa sababu karatasi hainunuliwi kwa nia njema.

Kuna kosa jingine ambalo wauzaji hulifanya bila kujua, nalo ni la kudhani kwamba kitabu kilicho huru mahali pamoja ni huru kila mahali. Mkataba wa Berne, ambao ni mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, unazitaka nchi wanachama zilinde kazi ya mwandishi angalau hadi miaka 50 baada ya kifo chake; nchi za Umoja wa Ulaya hulinda kwa miaka 70, Mexico 100, na Marekani huvihesabia vitabu vingi vya zamani miaka 95 tangu kuchapishwa. Project Gutenberg wenyewe waliingia matatani kwa tofauti hizi, pale mchapishaji mmoja wa Ujerumani aliposhitaki kuhusu vitabu 18 vya Thomas Mann, Heinrich Mann na Alfred Döblin, vilivyokuwa huru Marekani huku wakati huo vikiwa bado vinalindwa Ujerumani. Baada ya hukumu ya mwaka 2018 mradi uliwafungia wasomaji wote walioko Ujerumani, hadi pande mbili zilipopatana mwaka 2021. Anayeuza dunia nzima kwa kubofya mara moja anapaswa kulijua hilo kabla warithi wa mwandishi hawajamjulisha.

Je, muuzaji ana deni lolote kwa waliomtangulia, mbali na ukweli? Victor Hugo alipendekeza mwaka 1878 kwamba baada ya mwandishi kufa, yeyote awe huru kuchapisha kazi zake ila alipe ada ndogo, na Argentina hadi leo ina mfumo wa aina hiyo ambao fedha zake huingia katika mfuko wa taifa wa sanaa. Siungi mkono ada ya lazima, kwa sababu itamlipisha pia yule mchapishaji mdogo na itahitaji ofisi ya kuikusanya. Deni ninaloliona ni la aina nyingine. Anayepanga kitabu kwa ajili ya kukichapa hukisoma kwa jicho ambalo wengine hawana, na akikisoma kweli atakutana na makosa yaliyowaponyoka wasahihishaji wote. Ayarudishe. Miradi hii hupokea taarifa za makosa kutoka kwa yeyote, na marekebisho yakikubaliwa humfaidi kila atakayepakua baadaye. Lile neno lililokosewa katika kitabu changu cha safari lingeweza kurekebishwa siku ambayo muuzaji alilikuta, kama alikuwa akisoma.

Wauzaji niliowahi kubishana nao hurudi kwenye hoja moja: wakimwambia mnunuzi kwamba kitabu ni cha bure, hatanunua. Kwa baadhi ya wanunuzi hiyo ni kweli, na mauzo yatakayopotea hapo ni yale yaliyotegemea mtu kutojua, ambayo siwezi kuyahurumia. Lakini wachapishaji wa mifululizo mikubwa ya fasihi ya kale, kama Penguin Classics tangu mwaka 1946, wanaendelea kuuza vitabu ambavyo wasomaji wao wengi wanajua vyema kwamba maandishi ya asili ni ya wote. Watu hulipia utangulizi wa mtaalamu, tafsiri mpya, karatasi isiyopitisha mwanga, maandishi yaliyopangwa na mtu anayejua kazi yake, au hulipia tu ili wasihangaike kutafuta. Mwenye cha kutoa kati ya hivyo anaweza kuiandika ile sentensi kwenye ukurasa wa mwanzo na bado akauza.